Panga Mbili Zilizoachwa

Shekue aliiona karata ikianza kuchungulia ukutani, na hapohapo akaitilia shaka. Ilikuja upesi mno.

Shangazi, mashine ya kituo, hakuwa na kawaida hiyo. Ukimwuliza swali asubuhi anakaa nalo, watu wanakunywa chai, wanaosha vikombe, wanagombana kidogo, ndipo mdomo wake wa chuma unakohoa na kutema karata moja ndani ya sanduku la kioo. Lakini leo Bi Kokubanza, meneja wa kituo, alikuwa ndiyo kwanza anafunga kinywa.

"Shangazi, hapa kituoni kimeibwa nini?" Ndivyo alivyouliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu.

Karata ikadondoka.

Shekue alivua ufunguo shingoni, akafungua sanduku. Yeye ndiye aliyekuwa mfasiri, na kwa sheria mkono wake ndio uliotangulia. Aliigeuza. Saba ya Panga. Mtu mmoja ananyata kutoka kwenye mahema ya kambi, amekumbatia panga tano, shingo ameigeuza nyuma, mdomoni ana kitabasamu. Nyuma yake panga mbili zimebaki zimechomekwa ardhini.

"Wizi," alisema Kokubanza. "Hata mtoto anaona."

"Mtoto hana leseni, Bi Meneja."

"Basi wewe mwenye leseni sema."

"Nitasema kabla zamu ya mchana haijashuka. Sheria imenipa muda huo."

Kokubanza alimtazama, kisha akamtazama Ngonyani, fundi wa mabomba, aliyekuwa ameegemea mlango na begi lake kifuani kama mama aliyebeba mtoto. Wote waliokuwamo chumbani walijua kilichokuwa ndani ya begi lile. Ilikuwa barakoa ya marehemu Kalinga.

"Mnaniangalia nini?" Ngonyani aliuliza. "Mnataka kunyonyesha?"

Hakuna aliyecheka. Tusekile, mwanamke wa mitambo, alikohoa mpaka akashika ukuta.

*

Kituo kilikaa katikati ya tambarare ya chumvi ya Rukwa, mahali ambapo mbuzi hapiti. Chini ya tope kulikuwa na gesi nyepesi inayoliliwa na hospitali na viwanda vya dunia nzima. Shida ni kwamba gesi hiyo haiji peke yake. Huja na hewa nzito, na hewa nzito hutuama kwenye mashimo kama maji. Huioni wala huinusi. Unashuka ngazi unapiga mluzi, na mluzi unakatikia katikati. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na barakoa yake, na ndani ya barakoa kichujio chenye punje za buluu zinazokula hewa mbaya. Punje zikichoka hugeuka kijivu, na kichujio hutupwa.

Kalinga alishuka na barakoa usoni, punje za buluu, kila kitu sawa. Wakampandisha kwa kamba, maiti.

Shangazi alikuwa ndani ya kuta na mabomba yote, anapima kila pumzi. Alijua mengi kuliko wote waliokuwa pale, ila hakuruhusiwa kusema. Zamani mashine zilitaja majina. Mashine ikisema fulani ndiye, fulani analala ndani, na mwenye kubisha aende akabishane na ukuta. Kisha ikaja kujulikana kwamba katika mji mmoja mashine ilikuwa imewafunga watu wengi kwa sababu tu walitembea kama wezi. Mji ule uliwaka moto. Baada ya hapo ikatungwa Sheria ya Kinywa: mashine itaona, lakini haitamtaja mtu. Mafundi hawakushindwa. Walizifundisha mashine karata za ramli, picha sabini na nane, zionyeshe picha na binadamu aseme maana. Neno la mfasiri linashika kama neno la hakimu. Akikosea, anayefungwa ni yeye. Na kituo kisicho na mfasiri hufungwa siku hiyohiyo.

Shekue aliacha shule darasa la sita. Karata alifundishwa na mama yake mdogo kule Muheza, aliyewasomea wanawake wenye waume wasiorudi. Mama mdogo alimwambia jambo moja: anza na uso. Mtu aliye kwenye picha anahisi nini? Ukiishika roho yake, umeishika karata. Shekue aliishi kwa neno hilo. Aliamini karata zina roho, na aliamini mashine haina. Kwa hiyo kila Shangazi alipotema kitu, Shekue alikipokea kama mtu anayepokea chakula kwa jirani asiyemwamini. Alikinusa kwanza.

*

Alimkuta Ngonyani nyuma ya jiko, amekalia ndoo iliyopinduliwa, begi mapajani.

"Karibu, mfasiri. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Barakoa uliichukuaje?"

"Kila mtu aliona. Niliichukua matangani, mchana kweupe. Kalinga Mhehe, mimi Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakawa watani. Mtani akifa, mimi nina haki ya kuvaa kofia yake, kulala kwenye mkeka wake, kumsema mbele ya wajane. Nikasema, mzee huyu alikuwa mvivu hata wa kuvuta pumzi. Mkewe pale kwenye skrini akacheka huku analia. Nikachukua barakoa, nikasema haitoki mpaka nipewe jogoo. Kosa langu nini?"

Kosa halikuwapo hapo. Hata Shekue, Msambaa asiyekuwa na utani na yeyote kati yao, aliujua mchezo ule. Kinachochukuliwa hukombolewa na kurudi.

"Mjane amekwisha kukupa jogoo," alisema. "Jana alikwambia kwa simu, jogoo yuko tayari nyumbani kwake, amefungwa mguu. Ulimjibu nini?"

Ngonyani alilivuta begi karibu na tumbo.

"Ulikataa. Mtani hakatai, Ngonyani. Mtani akipewa anarudisha, anakula, mambo yanaisha. Barakoa za namna hii wachimbaji wa magendo wanazigombania huko milimani. Sasa niambie, huo bado ni utani?"

Macho ya fundi yalikwenda mlangoni, yakaenda kwenye kipaza sauti cha Shangazi juu ya dirisha, yakarudi. Taratibu akafungua zipu. Akatoa barakoa, akafungua kichujio, akalowesha kidole kwa mate na kukizungusha ndani ya punje. Kisha akakinyanyua mbele ya pua ya Shekue.

Kidole kilikuwa buluu.

"Siku ile ya matanga nililia," Ngonyani alisema kwa sauti ndogo. "Kwa siri, huko stoo, nimeikumbatia takataka hii. Nilipofuta machozi nikajikuta nina buluu mashavuni. Punje halisi hazichuji rangi, mfasiri. Hizi zilikuwa kijivu. Mtu kazifua, kazipaka buluu ya kufulia mashati, kazirudisha. Kalinga alivuta hewa kupitia nguo iliyofuliwa."

Shekue alikishika kidole kile, akakigeuza. Lakini shaka haikumwacha, ndiyo kwanza iliongeza mguu.

"Buluu inauzwa dukani," alisema. "Hata wewe unayo. Nitajuaje hukuipaka mwenyewe jana, baada ya kuona mambo yamekuwa mabaya?"

Ngonyani alimkodolea macho. Kisha akacheka, kicheko kikavu.

"Ndiyo maana sikumwambia mtu. Nikiirudisha, inaingia stoo na kupotea. Nikisema, mnasema nimeipaka mimi. Shangazi kaniona nikilia, kaniona nikifungua, na ona alichokutemea. Mwizi!"

*

Ofisi ya meneja ilikuwa safi kuliko chumba chochote pale kituoni. Kokubanza mwenyewe alivaa blauzi nyeupe, kola imenyooka. Alimkaribisha Shekue kiti, akammiminia kahawa.

"Nikusaidie, Mzee Shekue. Nimefanya kazi na wafasiri watatu. Wote walisema Saba ya Panga ni wizi, ni usaliti, ni mtu kuwazunguka wenzake. Sijaongeza chumvi."

"Hukuongeza. Ndiyo maana yake."

"Basi?"

"Basi kuna namna nyingine ya kuiona. Huyu haibi chakula wala dhahabu. Anaiba panga. Mtu anayeondoa panga kambini, huenda anazuia watu wasiuane. Mama mdogo wangu aliwasomea hivyo wanawake waliokuwa wameficha silaha za waume zao."

Kokubanza alitabasamu, na kitabasamu chenyewe Shekue alikuwa amekiona asubuhi ileile, kwenye karata. Au alidhani amekiona. Kazi ile ilikuwa inaharibu macho. Baada ya muda kila mtu anafanana na picha.

"Fikiria vizuri," meneja alisema. "Ukisema huyu ni mwema na kumbe ni mwizi, mwenzako mmoja atakosa barakoa siku atakapoihitaji. Damu yake itakuwa kinywani mwako. Ukisema ni mwizi, lori la polisi linamchukua, barakoa inarudi stoo, kazi inaendelea. Watu hawa wana watoto. Kituo kikifungwa, watakula chumvi?"

"Hujaniambia kwa nini unaitaka sana barakoa ya mtu aliyekufa."

"Kwa sababu ni mali ya kituo." Alisukuma kikombe mbele. "Mimi nimekutunza, Shekue. Hukulijua hilo. Wenzako wote wanakohoa. Wewe umewahi kukohoa?"

 Shekue aliichukulia kauli ile kama kitisho. Alipopokea kikombe aliona kucha za meneja. Kwenye mizizi ya kucha kulikuwa na mstari mwembamba, wa buluu.

"Wino," alisema Kokubanza, bila kuulizwa.

*

Zamu ilikusanyika chumba cha ngazi. Barakoa zilining'inia ukutani, kila moja na jina lake. Shekue alisimama chini ya sanduku la kioo, karata mkononi.

Bado hakujua. Hilo ndilo lililomtesa. Alikuwa na kidole cha buluu na kucha za buluu, na buluu ni buluu. Alikuwa na mtu anayekataa jogoo na mtu anayemimina kahawa. Kila alipomtazama yule mnyatiaji kwenye picha, uso wake ulikuwa wa Ngonyani. Akipepesa, ni wa Kokubanza. Angetaja jina gani? Jina moja lingempeleka mtu kwenye lori. Jina lingine lingempeleka yeye mwenyewe jela. Na akikaa kimya, watu watatu walikuwa wanasubiri kuvaa barakoa na kushuka.

"Tunakusikiliza," alisema Kokubanza.

"Subiri."

Aliitazama tena. Akamwacha yule mtu, akayaacha macho yake na kitabasamu chake. Kwa mara ya kwanza katika umri wake wote wa kusoma karata, aliacha uso. Maana ghafla lilimjia wazo la kijinga: Shangazi hajui kitabasamu. Shangazi ni mashine, anapima. Huyu akipewa picha sabini na nane, hatatafuta roho ndani yake. Atatafuta kitu anachokijua, na kuhesabu hakuchukui muda.

Panga tano zimechukuliwa. Mbili zimeachwa. Jumla saba.

Akanyanyua macho ukutani. Kabla ya msiba, barakoa zilikuwa saba.

"Bi Meneja," alisema, "asubuhi ulimwuliza Shangazi swali gani?"

"Unalijua."

"Hukuuliza nani kaiba. Wala hukuuliza barakoa ya Kalinga iko wapi. Uliuliza kimeibwa nini. Ngonyani, lete hiyo ya marehemu. Tusekile, shusha yako, fungua kichujio, lowesha kidole."

"Kwa ruhusa ya nani?" Kokubanza aliuliza.

"Kinywa ni changu mpaka nimalize kusema. Soma sheria."

Tusekile alifungua. Alizungusha kidole, akakitoa, akakiangalia kana kwamba si chake. Buluu. Wachimbaji wawili, Mwaluko na mwenzake Chisunga, waliruka ukutani, wakafungua zao, wakalowesha. Buluu. Buluu. Ngonyani akafungua yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiivaa kila siku huku akilinda ya marehemu, akatukana kwa Kingoni. Akafungua na ya Kalinga mbele ya wote. Buluu.

"Tano," Shekue alisema.

 Pampu ilinguruma chini ya sakafu. Kisha Shekue akaishusha barakoa ya meneja, akafungua. Alisugua mpaka ncha ya kidole ikauma. Kidole kilitoka kikavu na cheupe. Punje zake zilikuwa mpya.

"Mzigo haukuja," alisema Kokubanza. Hakupiga kelele, na kola yake ilikuwa imenyooka bado. "Mvua ilikata barabara, vichujio havikuja. Niliomba, nikaambiwa vumilia. Nifanye nini, nifunge? Wangewatawanya wote, mikataba ikavunjwa, mngenilaani mpaka kaburini. Nilizifua kwa mikono yangu, punje kwa punje. Kipimo kilionyesha zinafanya kazi nusu. Nilidhani nusu inatosha."

"Kalinga ilimtosha?" Ngonyani aliuliza.

Meneja aliinamisha kichwa.

"Hiyo ya sita tumeiona," Tusekile alisema. Alikuwa hamwangalii meneja tena. Alikuwa anaangalia msumari wa mwisho ukutani, wenye jina la mfasiri. "Bado moja."

Shekue aliijua kabla hajaigusa. Alikwenda kuiondoa msumarini kama mtu anayeingia shimoni. Alifungua. Alilowesha. Alisugua polepole, akiomba kwa moyo wote apate buluu. Hata doa. Hata chembe.

Kidole kilitoka kikavu.

"Bila mfasiri kituo kinafungwa," Kokubanza alisema kwa uchovu. "Ilibidi wewe uishi."

Tusekile alisogea mpaka pumzi zake zikamfikia. "Ulikuwa hujui?"

"Wallahi sikujua."

"Sisi tunatapika mapafu, wewe unalala fofofo mpaka unakoroma. Kazi yako kushuku watu. Unamshuku kila mtu, unashuku hata ugali. Hukujishuku mwenyewe kwa nini hukohoi?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa mara mbili siku moja. Shekue alifanya jambo pekee alilobaki nalo. Aliinua karata juu, wote waione, na kipaza sauti kisikie.

"Mimi Shekue Hiza, kwa kinywa changu na si kwa kinywa cha mashine, nasema. Saba ya Panga. Panga ndizo zinazomlinda mtu vitani. Tano zimeondolewa kambini na mtu wa kambini, naye ni Kokubanza, meneja wetu. Mbili zimeachwa. Moja ni yake. Nyingine ni yangu, na mimi niliivaa. Kituo hiki kifungwe. Kama nimekosea, nifungwe mimi."

Taa nyekundu ikawaka juu ya ngazi. Shangazi alikuwa amesikia.

*

Kisima hakifungwi kwa maneno. Lazima watu washuke wakakaze vali kwa mikono, la sivyo hewa nzito itapanda mpaka vyumbani. Watu wawili, na barakoa zilizokuwa nzima zilikuwa mbili. Ngonyani alichukua ile ya mfasiri bila kuuliza, Tusekile akavaa ya meneja. Kokubanza alikaa kwenye benchi, Mwaluko kando yake, akisubiri lori aliloliita mwenyewe asubuhi.

Shekue alisimama juu ya ngazi, uso mtupu, akihesabu vishindo vya spana vikitoka chini. Kila vilipokatika, aliinama kusikiliza. Vilipokatika kabisa, akashika kamba.

Kisha kofia ya Tusekile ikatokeza, na nyuma yake ya Ngonyani. Walivua, wakavuta hewa. Tusekile alivuta tena, pumzi ndefu mpaka mwisho, na haikumletea kikohozi. Alisimama akishangaa. Machozi yakamtoka, akapita bila kumtazama mfasiri.

Ngonyani alimpigia simu mjane palepale. "Shemeji! Yule jogoo wako bado yu hai? Mchinje. Barakoa ya mume wako naileta mwenyewe, naiweka mkononi mwa polisi na wewe ukishuhudia. Ndiyo. Mwambie huko aliko nimemlipia, asije akanisumbua ndotoni."

Kutoka kwenye simu mwanamke alisikika akicheka huku analia.

Shekue alisubiri amalize. Kisha akanyoosha mkono.

"Barakoa yangu, Ngonyani. Lazima iende pamoja na ile. Ni ushahidi."

Ngonyani aliitazama barakoa nzima ile, akaipangusa jasho kwa mkono wa shati, akaitia ndani ya begi na kufunga zipu.

"Hii haitoki mpaka nipewe jogoo."

"Mimi si mtani wako."

"Najua," Ngonyani alisema. "Ndiyo maana wewe utaleta wawili."

Shekue, aliyekula maisha yake yote kwa kusoma nyuso, aliutazama uso ule kwa muda mrefu, na hakuweza kujua kama ulikuwa unatania.